Kujifunza Kaizen kwa Kitabu Kimoja na Daftari Moja: Mwongozo kwa Karakana Ndogo

Mwongozo huu ni kwa mtu anayefanya au kusimamia kazi katika karakana, duka la uchapaji, jiko la mikate, ofisi au ghala dogo, ambaye amesikia habari za Kaizen, yaani njia ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, hana nafasi ya kwenda kozi, na ameamua kujifunza mwenyewe kupitia vitabu vya biashara vilivyoandikwa kwa wanaoanza. Mimi nasimamia karakana ya kushona sare za shule Buguruni, Dar es Salaam, yenye mafundi sita wa cherehani, mkataji mmoja na mpiga pasi mmoja. Kwa hiyo mifano yangu ni ya mashati na vifungo, na msomaji atalazimika kuigeuza iendane na kazi yake. Jambo ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba kitabu cha aina hii hakisomwi kama riwaya, mpaka kiishe ndipo mtu aanze kutenda. Husomwa sura moja, kikafungwa, sura ile ikapelekwa kwenye meza ya kazi, na hakifunguliwi tena mpaka meza imejibu.

Hatua ya 1: Tafuta kitabu chembamba, na ukifungue katikati

Anzia Maktaba Kuu ya Taifa, iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambako unaweza kukaa nusu siku na vitabu vitatu au vinne mbele yako bila kununua hata kimoja. Wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovipanga pembezoni mwa njia katikati ya jiji nao huwa navyo, ingawa huko utachambua sana kabla ya kupata. Vingi ni vya Kiingereza, na hilo lisikutishe, kwa kuwa vitabu vya utangulizi hutumia lugha nyepesi na maneno yale yale hujirudia mpaka yakazoeleka.

Unapokishika kitabu, usianze na dibaji. Kifungue katikati uangalie kama kuna fomu, majedwali, michoro na mifano yenye hesabu. Kitabu ambacho kurasa zake nyingi ni sifa za kampuni kubwa na wakurugenzi wake kitakupa moyo kwa siku mbili kisha kitakuacha pale pale, wakati kitabu kinachoeleza jinsi ya kuchora jedwali la kuhesabia kasoro, hata kama kimechakaa na jalada limetoka, kitakufaa kwa miaka.

Utakutana na majina mengi ya mbinu, na ni vyema kujua kwamba mengi ni ya ukoo mmoja. Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu vya Bell nchini Marekani, alichora chati ya kwanza ya kudhibiti ubora wa bidhaa. W. Edwards Deming, aliyejifunza kutoka kwake, alikwenda Japani mwaka 1950 kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda, na Wajapani wakayachukua mafunzo hayo wakayachanganya na ya kwao. Mwaka 1986 Masaaki Imai alichapisha kitabu kilicholieneza duniani neno Kaizen, ambalo maana yake ni mabadiliko ya kuelekea kwenye uzuri, yaani uboreshaji wa hatua ndogo ndogo usiokoma. Six Sigma, mbinu ya kupunguza kasoro kwa kutumia takwimu, nayo ilizaliwa katika kampuni ya Motorola miaka hiyo hiyo ya 1980, na lengo lake maarufu ni kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea.

Kuhusu hiyo Six Sigma nina neno moja. Karakana yetu hushona mashati 60 kwa siku. Tukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, milioni moja ya mashati itatuchukua zaidi ya miaka 55. Sura zenye hesabu za namna hiyo zirukwe bila aibu. Zina watu wake.

Hatua ya 2: Andika maneno ya kitabu kwa maneno ya kazini kwako

Nunua daftari la kawaida na ugawe kila ukurasa sehemu mbili. Upande wa kushoto andika neno la kitabu, na upande wa kulia andika kitu unachokiona kwa macho yako mahali pako pa kazi ambacho neno lile linakitaja. Ukishindwa kujaza upande wa kulia, bado hujaelewa, hata kama unaweza kukariri ukurasa mzima.

Mfano mzuri ni neno muda, ambalo kwa Kijapani ni upotevu, yaani kazi au gharama isiyomwongezea mteja thamani yoyote. Mswahili akilisoma bila kuonywa atadhani kitabu kinazungumzia saa na dakika, na kwa bahati njema hatakuwa amepotea sana. Nduguze wawili ni mura, yaani kazi kwenda kwa kupandashuka, leo nyingi na kesho hakuna (Wakurya, ambao kwao mura ni kijana, watanisamehe), na muri, yaani kumbebesha mtu au mashine kupita uwezo wake. Mtu anayeshona sare za shule hahitaji kuelezwa mengi kuhusu hayo mawili: Agosti mafundi hupiga soga, na wiki ya kwanza ya Januari wanalala kwenye vitambaa.

Taiichi Ohno wa Toyota aliutaja upotevu wa aina saba: kutengeneza kabla ya kuhitajika au kupita kiasi, kusubiri, kuhamisha vitu huku na huko, kufanya zaidi ya kinachotakiwa, kulimbikiza, mizunguko ya mwili isiyo ya lazima, na kasoro. Nilipokuwa nikijaza daftari langu, sita zilijazika kwa siku moja. Ya kwanza, kutengeneza kabla ya kuhitajika, niliiacha wazi nikiamini haituhusu, kwa kuwa sisi hushona kwa oda tu. Itatajwa tena chini.

Hatua ya 3: Chagua kosa moja, dogo, la kila siku

Kosa linalofaa kujifunzia lina sifa nne. Linatokea karibu kila siku, linaonekana kwa macho, linaweza kuhesabiwa na mtu yeyote bila mabishano, na kulirekebisha kuko ndani ya mamlaka yako. "Huduma mbovu" au "uzembe" si kosa la kuhesabika. Fomu iliyojazwa bila tarehe, mkate uliochomeka upande mmoja, na risiti yenye jumla isiyo sahihi ni makosa ya kuhesabika.

Mimi nilianza vibaya. Nilichagua kuchelewa kwa oda, nikagundua baada ya mwezi kwamba ndani ya kuchelewa kule kulikuwa na msambazaji wa vitambaa, umeme, shule zilizobadilisha idadi dakika ya mwisho, na ugonjwa wa mkataji, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukigusa siku ile. Safari ya pili nikachagua mashati yanayorudishwa kufumuliwa na kushonwa upya.

Hatua ya 4: Hesabu kwa wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na ndipo nitakapokaa kidogo. Chora jedwali rahisi: aina za kasoro ziwe kwenye mistari, siku ziwe kwenye safu, na kila kasoro ipate kijiti kimoja, vijiti vinne vikisimama na cha tano kikilala juu yake. Mpe kazi hiyo mtu ambaye bidhaa zote hupita mikononi mwake. Kwetu ni mpiga pasi, kwa sababu hakuna shati linaloingia kwenye mfuko wa nailoni bila kulazwa mezani kwake kwanza.

Nilitaka jedwali liwe na majina ya mafundi ili nijue kila mmoja ameharibu mangapi. Fundi wetu mkongwe alinivuta pembeni akaniambia kwa upole: "Dada, ukiandika majina, kesho hutaletewa shati bovu hata moja. Yatafichwa." Nilikubali kwa shingo upande. Baadaye nilikuta katika sura niliyokuwa nimeiruka kwamba kuondoa hofu kazini ni mojawapo ya pointi 14 za Deming, na mzee yule hajawahi kukiona kitabu hicho. Badala ya majina tukagawa kila siku mara mbili, kabla ya chakula cha mchana na baada yake.

Siku 12 za kazi zilitupa mashati 720, na kati ya hayo 54 yalirudishwa. Mfuko uliopinda ulikuwa na vijiti 23, kifungo kilicholegea 14, ncha za kola zisizolingana 8, mshono ulioruka 6 na doa la mafuta ya cherehani 3. Kitabu kilikuwa kimeniahidi, kwa kufuata kanuni ambayo Joseph Juran, mtaalamu wa ubora, aliipa jina la Pareto, mwanauchumi Mwitaliano, kwamba sababu chache hubeba takriban asilimia 80 ya matatizo. Kwetu kasoro mbili za kwanza zilibeba 37 kati ya 54, yaani asilimia 69 hivi. Usihangaike kuilazimisha namba ya kitabu. Inatosha kwamba sasa unajua pa kuanzia, na kwamba pa kuanzia si pale ulipodhani. Mimi nilikuwa nikigombana na watu kuhusu madoa ya mafuta.

Pima pia gharama yake mara moja. Nilitumia saa ya simu kupima kazi ya kufumua, kushona upya na kupiga pasi tena, nikapata wastani wa dakika 12 kwa shati. Mashati 54 ni dakika 648, sawa na saa 10 na dakika 48, ambazo ni zaidi ya siku nzima ya fundi mmoja inayopotea kila wiki mbili. Mwenye karakana hakuwahi kusikiliza neno Kaizen hata mara moja, lakini sentensi hiyo aliisikiliza mpaka mwisho.

Hatua ya 5: Uliza "kwa nini" mpaka ufike kwenye kitu unachoweza kukishika

Mbinu ya kuuliza kwa nini mara tano ilitoka Toyota na imo karibu katika kila kitabu cha utangulizi. Tano si amri. Ukomo wake ni pale jibu linapoacha kuwa tabia ya mtu na kuwa kitu, mahali au utaratibu unaoweza kubadilishwa kwa mikono.

Nilikuwa na hakika kwamba mifuko iliyopinda ni ya kijana mgeni. Jedwali lilionyesha kitu kingine: kati ya mifuko 23, 17 ilipinda baada ya chakula cha mchana, na kijana yule wakati huo hushona kola, hashoni mifuko. Nikasimama karibu na fundi mmoja saa nane mchana nikamtazama bila kusema neno. Aliinua kipande cha mbele cha shati jeupe, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakisogeza karibu na uso, akakigeuza tena, kisha akaweka mfuko kwa kukadiria kwa jicho.

Kwa nini mfuko umepinda? Kwa sababu umewekwa kwa kukadiria. Kwa nini unakadiriwa? Kwa sababu alama ya chaki haionekani. Kwa nini haionekani? Kwa sababu mkataji hutumia chaki ya bluu kwa mkono mwepesi, kwani ikikolea huacha doa kwenye kitambaa cheupe, na alama hiyo hafifu husuguliwa mafungu yanapohamishwa. Kwa nini mafungu yanahamishwa sana? Kwa sababu mkataji hukata na kuweka alama mashati yote ya siku kabla ya saa nne asubuhi, yakarundikwa mezani, kisha kwenye kiti, kisha juu ya ovaloki, yakisubiri zamu. Kwa nini anamaliza yote mapema? Kwa sababu kipimo cha mfuko ni kimoja tu, cha boksi, na anacho yeye.

Nilirudi kwenye daftari nikajaza ile nafasi niliyoiacha wazi. Alama zilikuwa zinatengenezwa saa nyingi kabla ya kuhitajika, na zilikuwa zinaoza kama samaki.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kisha hesabu tena

Kitabu kitakuonyesha duara lenye vituo vinne: panga, tenda, kagua, rekebisha. Vitabu vingine huandika "chunguza" badala ya "kagua", kwa sababu Deming mwenyewe baadaye alilipenda neno hilo zaidi, akiona kwamba kukagua kunaishia kwenye kupitisha au kukataa, wakati kuchunguza kunadai ujifunze kitu. Maneno yakitofautiana usidhani ni mbinu mbili.

Kupanga maana yake ni kuandika, kabla ya kutenda, unategemea nini kitokee. Tuliandika: "Kila fundi akiwa na kipimo chake na kuweka alama mwenyewe kabla ya kushona tu, mifuko iliyopinda itapungua chini ya 10 kwa wiki mbili." Kisha tukakata vipimo kutoka kwenye mifuniko ya ndoo za plastiki, kimoja kwa kila saizi, tukatoboa tundu la kuning'inizia na kupiga msumari kando ya kila cherehani. Gharama yake ilikuwa mifuniko mitatu na misumari.

Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Mwenye karakana alishauri wakati huo huo tubadilishe uzi na tusogeze taa, na yote mawili yalikuwa mawazo mazuri, lakini mifuko ingenyooka tusingejua ni kwa sababu ya nini. Tulimwomba asubiri wiki mbili.

Kipindi cha pili kilikuwa na siku 11, kwa kuwa siku moja umeme haukuwepo, na tulishona mashati 652 badala ya 660 yaliyotarajiwa, kwani siku za mwanzo mafundi walichelewa kuzoea kuweka alama wenyewe. Mifuko iliyopinda ilikuwa 6. Hasara ndogo ya kasi nayo iandikwe. Ukiandika mazuri peke yake, daftari litakuwa kipeperushi.

Hatua ya 7: Sasa ndipo ufungue sura ya S tano

Vitabu vingi huweka S tano, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, mwanzoni, nami napendekeza uzisome hapa. Kwa Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Nchini kwetu, hasa kupitia hospitali za umma ambako mbinu hii imeenezwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, zimepewa Kiswahili chake: sasambua (ondoa visivyohitajika), seti (weka kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (fanya uwe utaratibu mmoja), shikilia (dumisha). Kama umewahi kuona katika hospitali rafu yenye lebo na sakafu yenye mistari ya rangi inayoonyesha mahali pa toroli, huenda umeshaiona.

Sababu ya kuchelewesha sura hii ni kwamba ndiyo rahisi kuigeuza maonyesho. Watu hufagia, hupaka rangi, hubandika mabango, hupiga picha, na kasoro zinaendelea kama kawaida. Aliyekwisha kuhesabu anajua anapanga nini na kwa sababu gani. Kipimo kilichoning'inizwa kando ya cherehani ni seti tayari, na tuliifanya kabla ya kujua jina lake. Kutoka hapo kusasambua kulikuja kwenyewe, kwa sababu ukutani hapakuwa na nafasi ya msumari mpaka tulipoondoa kalenda tatu za miaka iliyopita na cherehani bovu ambalo kila mtu aliapa atalitengeneza.

Hatua ya 8: Wape wenzako sura, usiwape kitabu

Mwaka 1962 Japani ilianza kusajili vikundi vidogo vya wafanyakazi wanaokutana kuzungumzia ubora wa kazi yao wenyewe, chini ya msukumo wa Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa Kijapani. Kwetu kikundi hicho ni dakika 15 za Jumamosi kabla ya kufunga, chai ikiwepo. Mimi nasimulia wazo moja la kitabu kwa Kiswahili, mpiga pasi anasoma vijiti vyake, na wengine wanasema. Anayejua zaidi azungumze mwisho. Nikianza mimi, wote wanakubaliana nami na kikao kinakufa.

Hatua ya 9: Andika utaratibu, na tegemea kwamba utalegea

Utaratibu mpya uandikwe kwenye karatasi moja, sentensi fupi na picha, ubandikwe kazini. Kisha endelea kuhesabu. Katika wiki mbili za tatu mifuko iliyopinda ilipanda kutoka 6 hadi 11, nikaanza kuandaa hotuba. Kabla sijaitoa, mpiga pasi alinionyesha kipimo cha saizi ya kati kimefunika kikombe cha chai kuzuia nzi. Plastiki nyeupe ya duara nusu, mtu yeyote angekitumia hivyo. Tulivipaka vipimo vyote rangi nyekundu, tukavifunga kwa kamba, na tukanunua vifuniko vya vikombe.

Ukikwama, SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi hapa jijini, na ukienda na daftari lenye hesabu zako maswali yako yatakuwa mafupi na majibu yatakuwa ya kufaa. Kitabu cha pili usikinunue kabla ya kupeleka angalau kasoro mbili za kwanza kwenye meza.

Sisi tupo kwenye ya pili. Vifungo bado vinalegea, 14 kipindi cha kwanza, 15 cha pili, 13 cha tatu, na kubadilisha uzi hakukusaidia. Wiki hii tumechora ubaoni mfupa wa samaki wa Ishikawa, mchoro ambao kila mfupa wake hubeba kundi moja la sababu za tatizo, na kwenye mfupa wa vifaa kijana mgeni ameandika kwa chaki swali ambalo hakuna aliyelijibu: mara ya mwisho sindano za cherehani la vifungo zilibadilishwa lini?